Chama cha Shabaha Kilichoishika Sheria ya Bunduki

Bunduki zilizomo mikononi mwa raia wa Marekani ni nyingi kuliko raia wenyewe. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva, Uswisi, ilikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2017 raia wa nchi hiyo walikuwa na bunduki zipatazo milioni 393, yaani bunduki 120 kwa kila watu 100. Katika hesabu hiyo hiyo, majeshi yote ya dunia yakijumlishwa pamoja yalikuwa na bunduki milioni 133, na polisi wa dunia nzima hawakufikia milioni 23. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Askari asikiaye hesabu hizi, ambaye yeye hupewa bunduki kwa namba na kuirudisha kwa namba, ana haki ya kuuliza jinsi taifa lenye mahakama, polisi na Bunge lilivyofika hapo.

Jawabu linalotolewa upesi huwa ni moja kati ya mawili. Wengine husema ni Katiba ya nchi hiyo. Wengine husema ni fedha za wenye viwanda vya silaha. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Katiba ile ile ilikuwapo wakati Bunge lilipotunga sheria kali, na wenye viwanda walikuwapo tangu zamani. Historia yaonyesha jambo la tatu, nalo ni kazi ya chama kimoja kilichoanzishwa na maofisa wa jeshi kwa ajili ya kufundisha shabaha, kisha kikageuka kuwa kikundi cha kushawishi wabunge kinachoogopwa kuliko vingi vingine.

Kwanza yafaa Katiba yenyewe itazamwe. Mwaka 1791, miaka michache baada ya kujitoa katika utawala wa Uingereza, Wamarekani walitia katika Katiba yao Marekebisho ya Pili. Kifungu hicho ni kifupi. Sehemu yake ya kwanza yataja mgambo wenye utaratibu kuwa ni wa lazima kwa usalama wa dola huru. Sehemu ya pili yasema kwamba haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzichukua isivunjwe. Wakati huo wengi waliliogopa jeshi la kudumu, na ulinzi wa kila jimbo uliwategemea mgambo walioitwa kutoka mashambani na madukani. Swali lililobaki ni hili: je, sehemu ya pili husimama peke yake, au huongozwa na ile ya kwanza? Kwa miaka mingi mahakama ziliona kwamba huongozwa na ile ya kwanza. Mwaka 1939, katika kesi iitwayo Miller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba bunduki iliyokatwa mtutu haikulindwa na kifungu hicho, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi uliounganisha silaha ya namna hiyo na kazi ya mgambo.

Chama cha Taifa cha Bunduki, kijulikanacho kwa herufi zake NRA, kilizaliwa New York mwezi Novemba mwaka 1871. Waanzilishi wake, William Conant Church na George Wingate, walikuwa wameona katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 kwamba askari wengi wa upande wa Kaskazini hawakujua kulenga shabaha. Rais wa kwanza wa chama alikuwa Jenerali Ambrose Burnside, aliyepigana katika vita hivyo. Serikali ya jimbo la New York ilisaidia kununua shamba la Creed katika kisiwa cha Long Island, na hapo ukajengwa uwanja wa shabaha uliofunguliwa mwaka 1873. Kwa kizazi kizima na zaidi, kazi ya chama ilikuwa mafunzo, mashindano na usalama wa wapiga shabaha. Hakuna askari ambaye angeilaumu kazi hiyo.

Mambo yalianza kubadilika wakati majambazi wa mijini walipopata silaha za vita. Tarehe 14 Februari 1929, watu saba waliuawa kwa bunduki za rashasha katika gereji moja huko Chicago, na baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Mwaka 1934 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipeleka Bungeni sheria ya kwanza kubwa ya taifa juu ya bunduki. Iliweka ushuru wa dola 200, fedha nyingi sana wakati huo, juu ya bunduki za rashasha, bunduki zilizokatwa mitutu na vifaa vya kuzima mlio, na ikadai ziandikishwe. Muswada wa awali uligusa bastola pia. NRA iliwaandikia wanachama wake, barua zikamiminika Bungeni, na bastola zikaondolewa. Hata hivyo, rais wa chama wakati huo, Karl Frederick, aliwaambia wabunge kwamba yeye haamini katika desturi ya kila mtu kutembea na bunduki, na kwamba jambo hilo lafaa kuwekewa mipaka mikali na kibali. Maneno hayo yakumbukwe, kwa maana miaka hamsini baadaye kiongozi wa chama hicho ambaye angeyatamka asingedumu madarakani.

Pigo la pili lilikuja katika miaka ya sitini. Rais John Kennedy aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963 kwa bunduki ya Kiitaliano iliyonunuliwa kwa njia ya posta. Tangazo la duka lililoiuza lilikuwa limechapishwa katika American Rifleman, gazeti la NRA yenyewe. Mwaka 1968 waliuawa Martin Luther King huko Memphis na Robert Kennedy huko Los Angeles, na mwezi Oktoba Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Bunduki. Sheria hiyo ilikataza kuuziana bunduki kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo, na ikawanyima silaha wahalifu waliohukumiwa kwa makosa makubwa. Ofisa mkuu wa NRA, Franklin Orth, alikuwa amekubali kwamba biashara ya posta idhibitiwe. Lakini leseni kwa kila mwenye bunduki na daftari la taifa, mambo ambayo Johnson aliyataka zaidi, yaliondolewa. Alipotia saini, Rais huyo alisema waziwazi kwamba kilichoyazuia ni nguvu ya watetezi wa bunduki Bungeni, wala si matakwa ya taifa.

Hapa haki yataka jambo jingine lisemwe. Watu waliotetea bunduki hawakuwa wa namna moja, na waliotaka kuzizuia hawakuwa na nia moja. Mkulima akaaye mbali na kituo cha polisi aliiona bunduki kuwa mlinzi wake. Mwindaji aliirithi kwa baba yake. Tena mwaka 1967, wakati Weusi wa chama cha Black Panther walipoingia na bunduki katika jengo la Bunge la California mjini Sacramento, ni Gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye angekuwa rafiki mkubwa wa NRA, aliyetia saini sheria ya kukataza kuchukua bunduki yenye risasi hadharani. Sheria ya silaha, kama sheria nyingine, huulizwa pia inamlenga nani.

Mageuzi yenyewe yalitokea usiku mmoja. Viongozi wa NRA wa miaka ya sabini walikuwa na mpango wa kuhamisha makao makuu kutoka Washington kwenda Colorado Springs, na kurudi kwenye mambo ya michezo, uwindaji na hifadhi ya mazingira. Wanachama wenye siasa kali waliona kuhama huko ni kukimbia vita. Katika mkutano mkuu wa Cincinnati, mwezi Mei 1977, walifika wamejipanga, wakivaa kofia za rangi ya chungwa na kuwasiliana kwa redio ndogo za mkononi. Walizijua kanuni za mkutano kuliko wale waliokaa meza kuu. Walitoa hoja baada ya hoja hadi karibu na mapambazuko, na kulipokucha uongozi wa zamani ulikuwa umeng'olewa. Aliyeshika usukani alikuwa Harlon Carter, aliyepata kuwa mkuu wa polisi wa mpaka wa Marekani, na ambaye mwaka 1975 alishika uongozi wa idara ya chama ya kushawishi wabunge. Tangu siku hiyo msimamo ulikuwa mmoja: kizuizi chochote, hata kiwe kidogo namna gani, ni hatua ya kwanza ya kuwanyang'anya watu silaha zote. Wanachama, waliokuwa kama milioni moja, walikaribia milioni tatu kufikia mwaka 1985.

Nguvu ya chama hicho ilifanyaje kazi? Fedha zilikuwapo, katika uchaguzi wa 2016 pekee NRA ilitumia zaidi ya dola milioni 30 kumsaidia Donald Trump. Lakini fedha peke yake hazielezi kila kitu, maana wako matajiri wengi zaidi walioshindwa Bungeni. Chama kilimpa kila mbunge alama, kuanzia A hadi F, kama mwalimu afanyavyo, na alama hizo zilitangazwa kwa wanachama kabla ya uchaguzi. Mwanachama wa NRA alipiga kura kwa jambo hilo moja, aliandika barua, alilipa ada na alihudhuria mikutano. Raia aliyetaka bunduki zidhibitiwe alikuwa na mambo kumi mengine ya kufikiria: kodi, shule, matibabu, kazi. Mbunge aliyepima faida na hasara aliona kwamba wengi watasahau, na wachache hawatasahau. Tena katika Baraza la Seneti kila jimbo lina wajumbe wawili, liwe kubwa kama California au dogo kama Wyoming, na kwa kawaida muswada huhitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala wake ufungwe. Wachache waliojipanga hupata hapo ngome nzuri.

Waliokuwa wa kwanza kuona uzito wa mageuzi hayo walikuwa polisi. Kwa muda mrefu polisi na NRA walikuwa marafiki, na chama kiliwafundisha polisi wengi shabaha. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, mbunge Mario Biaggi, aliyekuwa polisi wa New York kwa zaidi ya miaka ishirini, alipeleka muswada wa kukataza risasi zenye uwezo wa kupenya fulana za kinga wanazovaa polisi. NRA iliupinga, ikisema maneno yake ni mapana mno na yangegusa risasi za wawindaji. Ilichukua miaka kadhaa, hadi 1986, ndipo sheria iliyopunguzwa makali ikapatikana. Mwaka huo huo vyama vikubwa vya polisi viliupinga waziwazi muswada mwingine uliotakiwa na NRA, uliolegeza sheria ya 1968. Walishindwa. Sheria hiyo ilikataza serikali kuu kuanzisha daftari la taifa la bunduki, na ikaweka kwamba kwa kawaida wakaguzi wasilikague duka la silaha zaidi ya mara moja kwa mwaka. Jambo moja tu polisi walilolifurahia: bunduki mpya za rashasha zilikatazwa kuuzwa kwa raia.

Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 30 Machi 1981, Rais Reagan alikuwa amepigwa risasi Washington. Pamoja naye walijeruhiwa polisi mmoja, mlinzi mmoja na msemaji wake, James Brady, aliyepooza. Mkewe Brady, Sarah, aliongoza kampeni iliyochukua zaidi ya nusu ya muongo. Mwishoni mwa 1993 Rais Bill Clinton alitia saini sheria yenye jina la Brady, iliyomtaka mnunuzi wa bastola achunguzwe kwanza. Mwaka 1994 ikafuata sheria iliyokataza kwa miaka kumi bunduki fulani za mtindo wa kijeshi na magazini za zaidi ya risasi kumi. Mwezi Novemba mwaka huo chama cha Clinton kilishindwa vibaya katika uchaguzi wa Bunge, na Rais mwenyewe alisema NRA ilichangia. Wanasiasa walilishika somo hilo kwa muda mrefu. Hata polisi wenyewe hawakuwa kitu kimoja: masherifu wawili, wa Montana na Arizona, walikwenda mahakamani kupinga kulazimishwa kuwachunguza wanunuzi, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Sheria ya silaha za kijeshi ilipofika kikomo chake mwezi Septemba 2004, Bunge liliiacha ife.

Ushindi mwingine wa NRA haukuonekana sana machoni mwa watu. Mwaka 1996 Bunge liliweka sharti kwamba fedha za kituo cha taifa cha kuzuia maradhi zisitumike kutetea udhibiti wa bunduki, na dola milioni 2.6, kiasi kilichokuwa kimetumika kwa utafiti wa majeraha ya risasi, zikaondolewa. Watafiti wakaogopa. Ilikuwa mwisho wa 2019 ndipo Bunge lilipotenga tena fedha, dola milioni 25, kwa kazi hiyo. Mwaka 2005 ikatungwa sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki wasishtakiwe kwa ajili ya uhalifu uliofanywa na wanunuzi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Na mwaka 2008, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Heller kwamba Marekebisho ya Pili humlinda mtu binafsi anayeweka bastola nyumbani kwa kujilinda, bila kujali mgambo. Tafsiri ambayo mwaka 1939 isingepata nafasi ilikuwa sasa sheria ya nchi.

Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule ya msingi ya Sandy Hook mjini Newtown, Connecticut, kijana mmoja aliua watoto 20 na watu wazima sita. Kura za maoni zilionyesha kwamba karibu Wamarekani tisa kati ya kumi walitaka kila mnunuzi wa bunduki achunguzwe. Maseneta wawili, mmoja wa kila chama, wote wenye alama A za NRA, walileta muswada wa wastani. Mwezi Aprili 2013 ulipata kura 54 dhidi ya 46. Zilihitajika 60. Wengi walishinda kwa hesabu na kushindwa kwa utaratibu.

Tarehe 24 Mei 2022 msiba wa namna hiyo ulirudi mjini Uvalde, Texas. Kijana wa miaka 18, aliyenunua bunduki zake kihalali siku chache tu baada ya kutimiza umri huo, aliua watoto 19 na walimu wawili. Askari wa vikosi mbalimbali wapatao 376 walifika, na ilipita zaidi ya saa moja kabla ya mlango kufunguliwa na muuaji kuuawa. Lawama kwa uongozi wa polisi zilikuwa kali na za haki. Lakini hata wakuu wa polisi wa mbali wanapaswa kujiuliza maana ya sheria inayompa raia wa miaka 18 silaha ya kuwakabili askari mlangoni. Mwezi Juni mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya maana juu ya bunduki kwa karibu miaka thelathini, inayotaka uchunguzi zaidi kwa wanunuzi wasiofikia miaka 21. Siku mbili kabla haijatiwa saini, Mahakama ya Juu ilikuwa imepanua haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba.

Kufikia wakati huo NRA yenyewe ilikuwa inaugua. Mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York aliishtaki kwa matumizi mabaya ya fedha za wanachama. Wayne LaPierre, aliyeiongoza tangu 1991, alijiuzulu mwezi Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la mahakama likamwona ana hatia ya kutumia vibaya mali ya chama, likamwagiza alipe zaidi ya dola milioni nne. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo sheria ambazo chama kilizipigania, na hukumu zilizofuata, hazikuondoka pamoja na kiongozi wake.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mwezi Julai 2001 mataifa yalikutana New York, katika Umoja wa Mataifa, kujadili biashara haramu ya silaha ndogo ndogo. Nchi za Afrika zilitaka azimio likataze kuwapa silaha watu wasio serikali, yaani waasi na magenge. Ujumbe wa Marekani ulikataa, ukakataa pia maneno yoyote ya kudhibiti silaha za raia, sawasawa na NRA ilivyotaka. Nchi za Afrika zilikubali maneno hayo yafutwe kwa shingo upande, na mwenyekiti wa mkutano, balozi wa Colombia, alisikitika hadharani kwa niaba yao. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoandaa azimio la kutaka mkataba wa dunia juu ya biashara ya silaha. Katika kura ya Baraza Kuu, Marekani peke yake ilipinga. Mkataba ulipitishwa mwaka 2013, na Marekani ikautia saini mwaka huo. Tarehe 26 Aprili 2019, Rais Trump alitangaza kuiondoa saini hiyo. Alitangaza hayo Indianapolis, jukwaani, katika mkutano mkuu wa NRA.

Nchi za eneo hili hazikungoja. Zilijua gharama kwa macho yao: mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa, na bunduki zilizotoka humo ziligeuza wizi wa ng'ombe wa Karamoja kuwa vita vilivyoua watu kwa miongo mingi. Tarehe 21 Aprili 2004, mawaziri wa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwamo Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, walitia saini Itifaki ya Nairobi. Itifaki hiyo yataka bunduki za rashasha zisiwe mikononi mwa raia, na kila silaha ya serikali iwe na alama na kumbukumbu.

Itifaki hiyo haina chama chenye mamilioni ya wanachama kinachoitetea, wala haina wakili mlangoni pa Bunge. Katika historia ya Marekani, sheria hazikushindwa siku ya msiba. Zilishindwa baadaye, wakati waliolia walipokwisha kurudi nyumbani, na waliojipanga walipobaki ukumbini hadi mapambazuko. Itifaki ya Nairobi yategemea watu wa kubaki ukumbini wa namna nyingine: mtunza ghala anayehesabu bunduki usiku kama anavyozihesabu mchana, ofisa anayekataa kuazimisha silaha bila hati, na polisi wa mpaka asiyekubali mzigo upite bila kufunguliwa. Wakilegea hao, maneno ya mawaziri hayatabaki na mlinzi.